Kibali cha Ujenzi ni Deni kwa Nani?

Katika vitongoji vya Dar es Salaam, tangu Kinondoni na Mwananyamala mpaka Temeke, Tandika na Mbagala, kuna maneno mawili yaandikwayo ukutani kwa rangi nyekundu ambayo kila mwenye nyumba huyaogopa: SIMAMISHA UJENZI. Mara nyingi kando yake huchorwa alama ya X, na chini yake tarehe. Mpita njia mmoja akiyaona husema, "Huyu hakuwa na kibali." Mwingine husema, "Huyu hakutoa chai." Kwamba watu wetu wameanza kuyasema maneno hayo kana kwamba ni kitu kimoja, ndiyo sababu ya sisi kuliandikia jambo hili leo.

Swali lenyewe ni hili. Mtu ana kiwanja chake na fedha yake, naye ataka kujenga nyumba ya kupangisha, au jengo lenye maduka chini na vyumba vya familia juu. Amepeleka michoro yake halmashauri, amelipa anachotakiwa kulipa, kisha ameambiwa njoo kesho, na kesho yake njoo Jumatatu, na Jumatatu faili halionekani. Je, mtu huyo akiwaita mafundi na kuanza kuchimba msingi, amekosa mbele ya dhamiri yake? Au sheria iliyocheleweshwa na wale wale waliowekwa kuitunza imekwisha kupoteza nguvu ya kumfunga?

Tusiharakishe kujibu, maana wengi wanaolijibu upesi hawajapata kushika faili la namna hiyo mkononi. Atakaye kujenga jengo kama hilo hana budi kwanza kuonyesha kwamba ardhi ni yake: hati au barua ya toleo, ramani ya upimaji, na stakabadhi za kodi ya ardhi. Kisha apeleke michoro ya msanifu majengo, na pamoja nayo ile ya mhandisi, ionyeshayo nguzo, mihimili na nondo. Ikiwa kiwanja kilipimwa kwa makazi tu, naye ataka kuweka fremu za maduka, yapasa aombe kwanza kibadilishwe matumizi yake. Michoro hiyo hupita kwa afisa mipango miji, kwa afisa ardhi, kwa mhandisi wa halmashauri, kwa afisa afya na kwa watu wa zimamoto; na jengo likiwa kubwa, walinzi wa mazingira nao wana neno lao. Kibali kikitoka, bado mkandarasi lazima awe amesajiliwa na bodi ya makandarasi, mhandisi na bodi ya wahandisi, msanifu na bodi yake. Na mahali pa kazi pakaguliwe kwa ajili ya usalama wa wafanya kazi. Benki ya Dunia, katika taarifa zake za hali ya biashara ambazo zilikomeshwa mwaka 2021, ilizihesabu hatua za kujenga ghala moja la kawaida katika Dar es Salaam, ikakuta hatua zaidi ya 20 na siku zaidi ya 150.

Wala ofisi zenyewe si za kulaumiwa bila kipimo. Mwaka 1957 Dar es Salaam yote ilikuwa na watu wapatao 128,000. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta mkoani humo watu zaidi ya milioni 5.3. Manispaa za Kinondoni na Temeke, zilizoanzishwa pamoja na Ilala mwaka 2000, zilikuta mji umekwisha kuwatangulia wapima ardhi. Na sehemu kubwa ya watu wake wakaa katika mitaa iliyojengwa kabla ya kupimwa, ambako njia ni mapengo yaliyobaki baina ya nyumba na nyumba. Mtu wa mtaa kama huo hana hati, na asiye na hati ni vigumu kupata kibali. Leseni za makazi, zilizoanza kutolewa katikati ya miaka ya 2000, zilimpa mwenye nyumba karatasi ya kukitambulisha kipande chake, lakini hazikuinyosha njia wala hazikuweka mtaro wa maji.

Basi, yule asemaye kwamba anaonewa, hatusemi kwamba anasema uongo. Mkopo wa benki haungojei kikao cha kamati. Riba yake yapanda usiku na mchana. Saruji iliyonunuliwa yagandamana ghalani. Fundi aliyeahidiwa kazi aondoka kutafuta mahali pengine. Na jirani yake, ambaye hakuomba kibali chochote, amekwisha kufika ghorofa ya tatu na ameanza kupokea kodi. Mtu mwema akiyaona hayo, ajiuliza kama wema wake si upumbavu.

Hata hivyo twaona kwamba hoja hiyo, ijapokuwa ina uchungu wa haki ndani yake, yajengwa juu ya kosa moja. Yadhani kwamba kibali ni jambo la watu wawili: mwenye kujenga upande huu, na ofisi upande ule. Na ikiwa ni la watu wawili tu, basi kweli mmoja akivunja ahadi, mwenzake aweza kujiona huru. Lakini katika jambo hili yuko mtu wa tatu, naye ndiye mwenye mali. Ni yule atakayelala ndani ya nyumba hiyo.

Mtu huyo hajulikani bado. Labda sasa yuko Iringa au Kigoma, hajafunga mizigo ya kuja mjini. Labda ni mtoto atakayezaliwa katika chumba cha ghorofa ya nne miaka 15 kutoka sasa. Hakuulizwa jengo liwe na ghorofa ngapi. Hakuwapo siku zege ilipomwagwa. Siku atakapokuja kupanga, ataona rangi nzuri, vigae, na bomba litoalo maji. Atauliza kodi ya mwezi na malipo ya awali, kisha atapewa ufunguo. Wazee wetu walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Lakini huyu hata akiingia ndani hataweza kuona lile linalomhusu kuliko yote, kwa sababu limekwisha kufunikwa na lipu.

Tufikiri kidogo jinsi nguzo inavyofanywa. Zege haina nguvu yake siku imwagwapo. Mafundi wa elimu hiyo hupima nguvu yake baada ya siku 28, kwa kuvunja vipande vilivyochukuliwa siku ile ile ya kumwaga. Mwenye haraka akiondoa magogo ya kuegemeza dari kabla ya wakati, akapandisha ghorofa nyingine juu yake, jengo halitamwambia neno siku hiyo. Mchanga wenye chumvi ya pwani ukitumiwa bila kuangaliwa, nondo zitaota kutu ndani kwa ndani, polepole, bila mtu kujua. Nondo nyembamba ikiwekwa mahali pa nene, tofauti ya bei hubaki mfukoni mwa mtu leo, na tofauti ya nguvu hungojea. Mambo hayo yote yaweza kuonekana kwa muda mfupi sana: tangu nondo zifungwe mpaka zege imwagwe. Baada ya hapo hakuna awezaye kuona.

Hii ndiyo maana halisi ya kibali na ukaguzi unaokifuata. Si karatasi ya kuipendeza serikali. Ni ushuhuda kwamba jicho la pili, jicho lisilo na faida katika jengo hilo, limetazama kabla ya kufunikwa yale ambayo mpangaji hataweza kuyatazama kamwe. Mpangaji alala kwa amani kwa sababu anaamini kwamba mtu fulani, siku fulani, alisimama pale kwa niaba yake.

Tumeona mara nyingi mno imani hiyo ikivunjwa. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, lilianguka asubuhi. Watu 36 walikufa. Taarifa za wakati ule zilisema kwamba ghorofa zilizojengwa zilizidi zile zilizoruhusiwa. Tarehe 16 Novemba 2024, siku ya Jumamosi, jengo la ghorofa lenye maduka lilianguka Kariakoo wakati watu wako kazini. Zaidi ya 20 walikufa, na wengine wengi walitolewa katika kifusi baada ya saa na siku za kuchimba. Iliripotiwa kwamba chini ya jengo hilo kazi ya kuchimba ilikuwa ikiendelea huku juu biashara zikiendelea. Na kwa jirani zetu wa Kenya, usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, nyumba ya kupangisha ya ghorofa sita ilianguka katika mtaa wa Huruma, Nairobi, wakati wa mvua kubwa, ikaua watu wapatao 50. Viongozi walisema ilikuwa imejengwa bila idhini, na ilikwisha kutajwa kuwa ya kubomolewa.

Ni kweli kwamba mawili kati ya mambo hayo yalitokea katikati ya mji wetu, wala si Kinondoni wala Temeke. Lakini ghorofa haziko tena katikati ya mji peke yake. Kijitonyama na Mikocheni, zilizopimwa katika mpango wa viwanja wa miaka ya 1970 kwa nyumba za familia moja moja, leo zina majengo ya familia kumi na zaidi juu ya viwanja vile vile, na mara nyingi juu ya mashimo ya choo ya namna ile ile. Barabara za Mbagala na Tandika zimezungukwa na fremu za maduka ambazo kila mwaka hupandishwa juu ghorofa moja. Nyumba ya kale ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati na vyumba sita kandoni, ilipoanguka kwa mvua ilijeruhi watu wa nyumba moja. Nyumba ya leo ikianguka, huwazika watu wa mtaa mzima.

Tena tuone jambo jingine katika misiba hiyo mitatu. Mahali pamoja karatasi haikuwapo kabisa. Mahali pengine karatasi ilikuwapo, ila jengo liliipita. Karatasi haishiki dari. Mtu aliyepata kibali cha ghorofa kumi akajenga 16 hana haki ya kujisifu kuliko yule aliyejenga bila kibali; labda kosa lake ni zaidi, kwa sababu amewafanya watu waamini kwamba jicho la pili limetazama, hali amelifumba mwenyewe.

Jambo hili si la jana. Katika Kumbukumbu la Torati imo amri ndogo ambayo wasomaji wengi huipita bila kusimama: kwamba mwenye kujenga nyumba aweke kizuizi pembezoni mwa paa, kwa sababu mtu akianguka kutoka juu, lawama ya kifo chake itamkalia mwenye nyumba. Katika nchi ile mapaa yalikuwa bapa, na watu walikaa juu yake jioni. Angalieni jinsi amri hiyo inavyosema kidogo na kudai mengi. Haiulizi kama aliyeanguka ni ndugu, au mgeni, au mtu aliyepanda bila ruhusa. Haiulizi kama jirani wameweka vizuizi katika mapaa yao. Wala haimwambii mwenye nyumba angoje mpaka mkaguzi aje. Wajibu ulikuwako kabla ya ofisi, na ofisi zilianzishwa ili kuusaidia.

Hapo mtu aweza kutujibu: "Lakini sheria za ujenzi katika mji huu hazikuanza kwa ajili ya kumlinda mnyonge." Naye atakuwa amesema kweli. Kanuni za ujenzi ambazo Wajerumani walizitoa kwa Dar es Salaam mwaka 1891 zilitaka sehemu bora ya mji ijengwe kwa namna ya Kizungu, na asiyeweza kujenga hivyo akae kando. Waingereza nao waliugawa mji kwa aina za majengo, na katika kugawa majengo waligawa watu: Uzunguni upande mmoja, Uhindini upande mwingine, na Mwafrika Kariakoo na ng'ambo yake. Kanuni ilikuwa ukuta. Si ajabu kwamba babu zetu walijifunza kuiona kama kitu cha kukwepwa.

Historia hiyo yatufundisha jambo, lakini si lile linalofikiriwa na wenye kuitumia kama udhuru. Yatufundisha kwamba kanuni ya ujenzi huwa dhuluma pale inapoacha kumwangalia mtu atakayelala ndani, ikaanza kuangalia ni nani apendeze kukaa wapi. Na dhuluma hiyo yaweza kurudi kwa mlango mwingine. Ofisi ikifanya kibali kiwe cha gharama na cha mizunguko hata awezaye kukipata ni tajiri peke yake, imejenga upya ukuta ule wa 1891, ingawa sasa hausemi habari za rangi ya mtu. Hilo ni kosa, na wenye mamlaka watalijibu.

Kwa hiyo twasema wazi neno letu kwa pande zote mbili.

Kwa mwenye kujenga, twaona yapasa kupambanua. Katika yale yatakwayo na sheria, yako yanayolinda uhai na afya: uimara wa msingi, nguzo na dari, njia ya kutokea moto ukiwaka, nafasi ya kupita gari la zimamoto, maji machafu yasiingie katika kisima cha jirani, kutokujenga katika njia ya mafuriko. Na yako mengine ambayo ni ya utaratibu: idadi ya nakala, mihuri, ada, nani atie sahihi kwanza. Haya ya pili nayo ni wajibu, maana mji bila utaratibu ni vurugu; lakini dhamiri ya mtu yaweza kuona uzito wake si sawa. Mwenye nyumba katika mtaa usiopimwa wa Mtoni au Tandale, aongezaye chumba kimoja kwa ajili ya mama yake mzee, akiwa hana hati wala njia ya kuipata, hatuthubutu kumhukumu kama mwenye ghorofa nne za kupangisha. Lakini yale ya kwanza yamfunga kila mtu, hata kama ofisi zote zingefungwa na sheria zote zingechomwa moto. Hakuna ucheleweshaji wa karani yeyote utakaompa mtu ruhusa ya kupunguza nondo. Na kadiri watakaolala chini ya dari hiyo wanavyokuwa wengi, ndivyo deni linavyokuwa kubwa, na ndivyo udhuru unavyopungua.

Wako watakaosema: "Mimi nitajenga imara, nina mhandisi mzuri, nimekosa karatasi tu." Labda ni kweli. Lakini kila mtu aliyejenga jengo lililoanguka alisema hivyo hivyo, na wengi walisema kwa moyo safi. Mtu hawezi kuwa hakimu katika kesi yake mwenyewe, hasa penye faida; ndiyo maana jicho la pili latakiwa hata kwa mtu mwema. Mhandisi mzuri hapendi kukaguliwa kidogo. Hupenda kukaguliwa sana, kwa kuwa anajua jinsi kosa dogo linavyojificha. Basi, kama faili limekawia, mtu na ahesabu hasara yake, aandike malalamiko, aende kwa diwani, aende kwa mkurugenzi, apaze sauti na wenzake. Lakini asiwalipize wapangaji wake kosa la karani.

Kwa afisa wa halmashauri neno letu ni kali zaidi. Twajua kwamba kazi ni nyingi na watu ni wachache. Twajua pia kwamba siku hizi maombi hupelekwa kwa njia ya mtandao, katika mfumo wa TAUSI, na hilo ni jema. Lakini mtambo hauna dhamiri, na faili laweza kulala ndani yake kama lilivyolala zamani katika kabati. Afisa akawishaye kibali makusudi asidhani kwamba amekaa tu bila kutenda lolote. Amewasukuma watu wajenge gizani. Kila msingi uliochimbwa usiku kwa kuogopa mkaguzi, ni msingi ambao hakuna mkaguzi aliyeuona. Na sehemu ya lawama ya jengo hilo yamwangukia yeye.

Vilevile anyamazaye akosa. Mwezi Desemba 2011 mvua kubwa ziliijaza Dar es Salaam, na watu wapatao 40 walikufa. Wengi wa waliopoteza nyumba walikuwa katika bonde la Msimbazi, ambalo sehemu yake ni ya Kinondoni. Mwezi Desemba 2015 matingatinga yalikuja Mkwajuni na mahali pengine bondeni, yakazibomoa nyumba za watu ambao baadhi yao walikuwa wamekaa hapo miaka mingi, wakilipia umeme na maji. Hatusemi kwamba watu waachwe wakae katika njia ya mafuriko. Twasema kwamba alama nyekundu ichorwayo juu ya tofali la kwanza ni huruma, na ichorwayo miaka 20 baadaye juu ya ukuta wa chumba cha watoto ni ukatili, ijapokuwa sheria ni ile ile. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na ofisi isiyosema neno wakati wa ufa haina uso wa kujivunia tingatinga lake.

Limebaki jambo la chai. Walimu wa maadili wamezoea kupambanua baina ya mtu atoaye fedha ili apate kisicho haki yake, na mtu anayekamuliwa fedha ili apewe kilicho haki yake. Wa kwanza ni mshiriki wa wizi. Wa pili afanana na msafiri aliyekutana na wanyang'anyi njiani. Upambanuzi huo una maana, na hatutaki kumtwika mtu aliyekamuliwa mzigo ule ule wa mwenye kukamua. Lakini katika mambo ya ujenzi upo hatari kubwa. Mtu asema, "Natoa ili wafanye haraka tu, michoro yangu ni sawa." Sawa, lakini je, baada ya miezi miwili, mkaguzi yule yule akija kutazama nondo, naye amekwisha kula chai yako, ataweza kusema hapana? Na wewe, fundi wako akikuambia kwamba nondo zimepungua, na fedha imekwisha, hutamkumbuka yule rafiki yako wa ofisini? Aliyenunua haraka amenunua na upofu. Vyote viwili vimo katika bahasha moja. Tena fedha ile ilitoka wapi? Mara nyingi hutolewa katika fungu lile lile la saruji.

Kwa hiyo twawashauri wenye kujenga wafanye kazi hiyo wakiwa wengi, wala si mmoja mmoja. Wenye viwanja wa mtaa mmoja wakienda pamoja, majina yao yakiwa yameandikwa na tarehe za maombi yao zikiwa wazi, ni vigumu kumkamua mmoja wao. Viongozi wa serikali za mitaa, ambao ndio wa kwanza kuona lori la kokoto likishusha, wasiwe wapokezi wa kitu kidogo cha kufumba macho. Wawe wa kwanza kuuliza mhandisi ni nani. Mafundi nao, ambao mara nyingi ndio wanaojua kweli yote, wakatae kumwaga zege wanayoijua ni dhaifu. Kazi ya siku moja isinunue usingizi wa mtu maisha yake yote. Na mpangaji asione haya kuuliza, kabla ya kuuliza kodi: "Nani alikagua jengo hili?" Mwenye nyumba mwaminifu hatachukia swali hilo. Atafurahi kulijibu.

Jibu letu, basi, ni hili. Mtu aliyezungushwa na ofisi ana haki ya kukasirika, ana haki ya kudai, na jamii nzima yapaswa kudai pamoja naye. Lakini hana haki ya kulipa deni lake kwa mali ya mtu mwingine. Kibali si cha karani, wala si cha mwenye kiwanja; ni cha yule asiyekuwapo, ambaye siku moja atapanda ngazi akiwa na godoro kichwani na watoto nyuma yake, atafungua mlango, atazima taa, na atalala bila kutazama juu. Anayo haki ya kulala hivyo. Wote wawili, ajengaye na aidhinishaye, wamekwisha kumwahidi.